Tumbili mmoja na giza la nchi nzima

Msikilizaji, tarehe 7 Juni 2016, saa 5:29 asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru nchini Kenya, kisha akadondokea transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya pale pale Gitaru ikaelemewa na mzigo, nayo ikajizima. Zikapotea megawati zaidi ya 180 kwa mkupuo mmoja, na kabla watu hawajajua kuna nini, nchi nzima ikawa haina umeme. Habari hii si uzushi wa vijiweni. Kampuni yenyewe inayofua umeme, KenGen, ndiyo iliyoitangaza, na ikaongeza kwamba tumbili alinusurika na kukabidhiwa kwa Shirika la Wanyamapori. Umeme ulirudi baada ya saa tatu na ushei.

Watu walicheka sana siku zile, na haki yao kucheka. Lakini kicheko kikiisha linabaki swali: imekuwaje mnyama mwenye uzito wa kilo chache aweze kumzimia cherehani fundi nguo wa Eldoret, ambaye hana habari kama Gitaru iko upande gani wa nchi?

Jibu ni kwamba umeme wa Gridi ya Taifa unakwenda kama mashua kubwa ya makasia. Wapiga kasia wote, wakubwa kwa wadogo, lazima wavute kwa pigo moja. Katika nchi zetu pigo hilo ni mizunguko 50 kwa sekunde, na mitambo yote iliyoungwa kwenye gridi, ya maji, ya gesi na ya mvuke, huizunguka hesabu hiyo hiyo bila kupishana. Sasa mpiga kasia mmoja mwenye nguvu akidondosha kasia lake, mzigo wake unawaangukia wenziwe papo hapo. Mwendo wa mashua unashuka, mizunguko inakuwa 49 na nusu, inakuwa 49. Kila mtambo una mlinzi wake aliyeamriwa kwamba hali ikizidi kipimo fulani aukate mtambo usije ukaharibika. Mlinzi wa kwanza akikata, mzigo wa waliobaki unazidi, wa pili naye anakata, na kadhalika hadi mashua nzima inasimama. Hakuna aliyekosea, kila mlinzi ametii amri yake, na nchi imeingia gizani.

Nawasihi Watanzania wenzangu tusiwacheke majirani kupita kiasi. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, Gridi yetu ya Taifa nayo ilipata hitilafu na umeme ukakatika karibu kote ilikofika. Na Kenya yenyewe, tarehe 25 Agosti 2023, ilipata giza jingine lililoufikia hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi. Pale uwanjani palikuwa na jenereta za dharura, lakini jenereta moja, lililotakiwa kuhudumia sehemu muhimu ya majengo, liligoma kuwaka. Abiria walikaa gizani na mizigo yao, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi.

Lakini kwa giza lililoumiza kweli kweli hatuna haja ya kwenda Nairobi. Turudi Unguja. Kisiwa hicho kiliunganishwa na bara mwaka 1980 kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 hitilafu ilitokea upande wa Fumba na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila umeme huo. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 2009, giza likarudi, na safari hii likakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waliokuwepo hawajasahau. Jenereta ndogo zilinguruma kila kichochoro cha Mji Mkongwe, moshi ukaingia madirishani, samaki wakaharibika, wenye hoteli wakahesabu hasara. Zaidi ya yote maji yalikatika, kwa sababu maji ya Unguja yanavutwa kutoka chini ya ardhi kwa pampu, na pampu inakula umeme. Akina mama waliobeba ndoo kichwani miezi ile mitatu hawakuwa na tatizo la taa. Tatizo lao lilikuwa pampu.

Baadaye jenereta za dizeli za akiba ziliwekwa Mtoni, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100. Mambo mema. Hata hivyo waya mpya ni waya vile vile, na ukikatika mwisho mmoja, mwisho wa pili unangoja.

Hapo ndipo linapoingia jambo ninalotaka kulizungumza wiki hii, nalo ni gridi ndogo. Simaanishi sola ya nyumba moja yenye taa tatu na chaja ya simu, wala jenereta la duka. Gridi ndogo ni mtandao wa mahali pamoja, mathalani kijiji, hospitali na nyumba zinazoizunguka, soko la samaki au mtaa wa viwanda vidogo, wenye vyanzo vyake vya umeme, akiba yake ndani ya betri, nyaya zake, na akili yake ya kuongoza vyote hivyo. Iliyo bora ni ile inayoishi maisha mawili. Gridi ya Taifa ikiwa nzima, inaungana nayo, inanunua ikipungukiwa na kuuza ikizidiwa. Gridi ya Taifa ikianguka, inajikata yenyewe mara moja, inakuwa kisiwa, na inaendelea na kazi. Kubwa likirudi, inajiunga tena.

Kusema ni rahisi. Kutenda kuna utundu wake, na hapo wengi wetu tumedanganyika. Chukua ofisi iliyoweka sola juu ya paa na kuiunga na umeme wa shirika ili kupunguza bili. Siku umeme unapokatika, saa sita mchana, jua linawaka hadi lami inayeyuka, ofisi hiyo inakuwa gizani kama jirani asiye na sola. Wenyewe hudhani wameuziwa vifaa feki. Hapana. Inveta nyingi za namna hiyo zimeundwa kuwa wafuasi. Zinasikiliza pigo la gridi kubwa na kulifuata, na pigo likinyamaza nazo zinanyamaza. Tena zimeamriwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu fundi wa laini aliyepanda nguzo akiamini waya hauna umeme asije akauawa na umeme unaorudi kutoka kwenye paa la mtu. Mimi siwezi kuilaumu sheria hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo anayetaka gridi ndogo inayoweza kusimama peke yake lazima awe na vitu viwili ambavyo muuzaji wa sola wa mtaani hatamwambia. Cha kwanza ni swichi kubwa mahali pa kuungana na Gridi ya Taifa, swichi ambayo ikihisi kubwa limekufa inakata kabisa, umeme usivuke kwenda kwa fundi aliye nguzoni. Cha pili ni inveta iliyo kiongozi, yenye betri nyuma yake, inayoweza kupiga pigo la mizunguko 50 yenyewe bila kungoja mtu. Akiwepo kiongozi, wale wafuasi wa juu ya paa wanapata wa kumfuata, na jua la saa sita linafanya kazi yake.

Halafu ipo kazi ya kugawana mzigo. Tuseme gridi ndogo ina inveta mbili za betri na jenereta moja. Nani abebe kiasi gani? Wahandisi wana hila moja nzuri sana ambayo haihitaji hata waya wa simu kati ya mitambo. Kila mtambo unaamriwa hivi: mzigo wako ukizidi, punguza mwendo kidogo, mathalani kutoka mizunguko 50 hadi 49.8. Kwa kuwa mwendo ni mmoja katika mtandao wote, wenzio wanausoma papo hapo, wanajua mashua imekuwa nzito, na kila mmoja anaongeza nguvu kwa kadiri ya uwezo wake. Mkubwa anabeba zaidi, mdogo anabeba kidogo, na hakuna aliyepigiwa kelele. Baada ya hapo kuna kompyuta ya udhibiti inayourudisha mwendo polepole hadi 50 kamili. Juu yake kuna hesabu ya tatu, iliyo ya taratibu zaidi: leo kuna mawingu au jua, betri imebaki na kiasi gani, dizeli iwashwe saa ngapi, umeme wa gridi kubwa ununuliwe sasa au usiku.

Betri ndiyo inayojibu kwanza, ndani ya kufumba na kufumbua, wakati jenereta la dizeli linahitaji sekunde kadhaa kuamka. Na kuhusu dizeli naomba niseme neno, kwa sababu taasisi zetu nyingi hudhani jenereta kubwa ndiyo kinga. Jenereta la kilowati 100 likiachwa libebe kilowati 15 usiku kucha, linakunywa mafuta kwa hasara na kujijaza masizi hadi linaanza kuugua. Lilitengenezwa lifanye kazi ya kutoa jasho. Ndani ya gridi ndogo iliyopangwa vizuri jenereta halilindi taa za korido. Linawashwa saa chache, linabeba mzigo wa kutosha, linajaza betri, kisha linazimwa.

Kurudi kujiunga na gridi kubwa nako kunataka adabu. Huwezi kuibana swichi wakati wowote. Msongo lazima ulingane, mwendo ulingane, na pigo liangukie mahali pale pale. Akina dada wanaoruka kamba wanajua. Anayeingia kamba ikiwa inazunguka hungoja, hutikisa mwili akihesabu, halafu huingia kwa wakati wake. Akikurupuka, kamba inampiga. Kwenye umeme kinachopigwa ni mtambo wa mamilioni ya shilingi.

Je, mambo haya yamewahi kujaribiwa siku ya shida yenyewe? Yamejaribiwa. Tarehe 11 Machi 2011, Japani ilipopigwa na tetemeko kubwa na mawimbi ya tsunami, mji wa Sendai ulikosa umeme. Lakini katika eneo la Chuo Kikuu cha Tohoku Fukushi kulikuwa na gridi ndogo iliyojengwa miaka michache kabla kwa ajili ya utafiti. Ilikuwa na injini za gesi, sola na betri. Wapangaji wake walikuwa wameamua mapema kwamba si kila mtumiaji ni sawa, wakayapanga mahitaji kwa madaraja. Tetemeko lilipopiga injini za gesi zilisimama, betri zikashika mzigo wa daraja la juu, na madaraja ya chini yakaachwa yazimike. Siku ya pili mafundi waliziwasha injini tena, kwa kuwa bomba la gesi lilikuwa limepona, na hospitali na nyumba ya kutunzia wazee zikawa na umeme wakati mji unaozunguka ukiwa bado gizani.

Jambo lililoniingia moyoni katika habari ya Sendai ni lile la madaraja. Birika moja la umeme la wati 2,000, la kuchemshia chai ya daktari, ni mzigo sawa na mashine nne za kutengeneza oksijeni zenye wati 500 kila moja. Mtambo haujui tofauti. Kwake wati ni wati. Mwanadamu ndiye anayepaswa kuuambia mapema, kwa maandishi, kwamba siku ya dhiki chumba cha upasuaji, friji ya chanjo na mashine ya oksijeni havizimwi hadi mwisho, pampu ya maji inaweza kungoja saa mbili kama tangi limejaa, na pasi, birika na kiyoyozi cha mkurugenzi vinakatwa kwanza. Uamuzi huo huitwa wa kitaalamu, lakini kwa maoni yangu ni uamuzi wa wananchi, na mahali pake ni kwenye kikao cha bodi ya hospitali na baraza la madiwani. Ukiachwa usiku wa giza wenyewe, kiyoyozi cha mkurugenzi kitashinda.

Aidha, mzigo unaoweza kungoja ni mali. Mashine ya kusaga haina ulazima wa kusaga saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha taa. Barafu ya wavuvi inaweza kugandishwa mchana jua likiwa kali na ikatumika alfajiri. Tangi la maji lililojazwa saa saba mchana ni betri ya bei nafuu kuliko zote, na haliibiwi. Misheni nyingi za Njombe na Ruvuma, zilizoendesha hospitali zao kwa maporomoko ya jirani tangu zamani, zinaijua siri hiyo. Katika mitambo midogo ya maji ya aina hiyo umeme unaozidi hupelekwa kuchemsha maji, ili mtambo uendelee na mwendo wake bila kuyumba.

Tanzania si mgeni wa gridi ndogo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 na taasisi ya World Resources Institute pamoja na TaTEDO ilihesabu gridi ndogo 109 nchini, baadhi za TANESCO, baadhi za misheni, za vijiji na za kampuni binafsi. Huko Mufindi mtambo wa maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza kazi mwaka 2012 na unauza kwa kiwanda cha chai, kwa TANESCO na kwa wanavijiji. Kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa jua wenye betri pale Bwisya, na wakazi waliokuwa wakinunua mafuta ya taa wakaanza kufungua mashine za kusaga na saluni.

Ndipo ukaja ugomvi wa bei. Umeme wa kisiwani, wenye betri za kuagizwa kwa meli na wateja wanaotumia kidogo kidogo, ulikuwa ghali mara nyingi kuliko ule wa shirika. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza wauzaji hao watoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na anayolipa mteja mdogo wa TANESCO. Mvuvi wa Ukara alifurahi, na mimi nilimwelewa. Kwa nini alipe zaidi ya mtu wa Masaki kwa sababu tu Mungu amemzalisha kisiwani? Lakini mwenye mtambo naye alikuwa na hoja. Umeme wa shirika unauzwa kwa bei ambayo mzigo wake umetandazwa kwa nchi nzima, wakati wake umetandazwa kwa kijiji kimoja. Ukimwamuru auze chini ya gharama bila kumfidia, hatajenga kijiji cha pili. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na anayesema upande mmoja tu ndio uliokuwa na haki hajawahi kulipia betri au hajawahi kuvua dagaa. Bei moja kwa nchi nzima ni jambo jema, ila tofauti lazima ilipwe na mfuko wa umma, kama tunavyolipia nguzo za umeme vijijini.

Najua kuna atakayesema: gridi ndogo za nini, wakati bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika na megawati 2,115? Hoja hiyo ina uzito. Sikatai bwawa, nalifurahia. Lakini Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya Kaskazini ingenunuliwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaosafiri mbali kutoka kusini hupotea njiani kwa wingi. Kama kiongozi wa nchi anakiri kwamba umbali unakula umeme, basi kuuweka umeme kidogo karibu na mlaji si ushindani na bwawa. Tena siku hizi taa inapozimika kwetu Dar es Salaam, mara nyingi megawati zipo. Kilichokufa ni transfoma ya mtaa, au nguzo iliyoanguka baada ya mvua.

Kanuni za EWURA zilizotolewa mwaka 2015 zilijaribu kujibu hofu ya mwekezaji: Gridi ya Taifa ikifika kijijini, yeye atakwenda wapi? Anaweza kuiuzia TANESCO umeme, anaweza kununua kwa TANESCO na kuugawa kwa wateja wake, ama akalipwa kwa nyaya zake na kuondoka. Ni njia nzuri. Ninachokitafuta mimi ni njia nyingine kando ya hizo: afanye biashara na gridi kubwa siku za heri, na awe na ruhusa iliyoandikwa, pamoja na swichi iliyokaguliwa, ya kujitenga na kuihudumia zahanati siku ya shari. Bila ruhusa hiyo kijiji kilichokuwa na umeme wake wa maporomoko kinaweza kuungwa na gridi, na siku tumbili anapoanguka mahali, nacho kikakaa gizani huku maji yakipita bure mlangoni pake.

Nimepata barua ya msikilizaji wa Tandika anayeuliza kama zahanati ya mtaa wao, iliyofungiwa sola na wafadhili, itawaka siku umeme ukikatika mchana. Jibu langu ni kwamba asiulize paneli ni ngapi. Amwombe mganga mkuu wa zahanati amwite fundi aliyeifunga, kisha mchana wa jua, wakati hakuna mgonjwa aliye mezani, wazime swichi kuu inayotoka kwenye mita ya luku, wasimame mbele ya friji ya chanjo, na wasikilize.